Katanga Baada ya 2015: Miji ya Shaba, Majimbo ya Kaskazini na Mpaka Uliopita Pasipofaa

Katikati ya mwaka 2015 Jimbo la Katanga, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lililokuwa na makao yake makuu hapa Lubumbashi, liligawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Katiba ya 2006 ilikuwa imekwisha kutaja majimbo 26, Kinshasa ikihesabiwa humo, badala ya 11 ya zamani, na sheria ya tarehe 28 Februari 2015 ndiyo iliyoweka utaratibu wa kuyasimika. Hoja waliyopewa wananchi ilieleweka kwa urahisi. Katanga ilikuwa pana mno, kiasi kwamba mtu wa Kongolo au wa Sandoa aliisikia serikali ya jimbo redioni tu, kwa hiyo kuusogeza utawala karibu naye kungeyasogeza na maendeleo. Muongo mmoja umepita, na sasa inawezekana kuupima mgawanyo huo kwa matokeo yake.

Kisa hiki kinastahili kuchunguzwa kwa sababu kinagusa swali linaloikabili kila nchi yenye miji mikubwa: je, mitaji na watu waachwe wajikusanye mahali ambapo kuzalisha ni nafuu, au watawanywe ili kila eneo lipate fungu lake? Waliouchora mpaka wa 2015 walifanya kana kwamba swali hilo halipo. Waliikata katikati miji ambayo kiuchumi ni mji mmoja mrefu, na papo hapo wakayaondoa majimbo mawili ya kaskazini, Haut-Lomami na Tanganyika, kwenye mapato ya kusini. Maoni yangu ni kwamba tulipoteza pande zote mbili, tija na usawa, na kwamba hasara hiyo haikutokana na kugawanya kwenyewe, bali na kugawanya bila kwanza kujenga njia ya fedha, ya reli na ya watu kati ya vipande vinne.

Barabara moja, kiwanda kimoja

Mkusanyiko wa miji ninaouzungumzia huanzia Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, hupita Lubumbashi na Likasi, hufika Fungurume na kuishia Kolwezi, pamoja na tawi fupi la kwenda Kipushi. Ni karibu kilomita 400 za barabara moja. Hakuna aliyeketi akaupanga kama mkusanyiko, ulifuata madini. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906, reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikafika Bukama 1918, na mwaka 1928 ikaunganishwa na bandari ya mto ya Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Lomami na hata Ruanda-Urundi, nao ndio wazee wa familia nyingi za Kamalondo, Kenya na Katuba, komuni za Lubumbashi. Sehemu ya mahindi ya kuwalisha ilishuka kutoka kaskazini kwa reli ileile. Hilo la mahindi nitalirudia hapa chini, maana ndilo linalosahauliwa upesi kuliko yote.

Faida ya kujikusanya huiona vizuri mtu anayefanya kazi ndani ya mkusanyiko. Mgodi wa shaba unahitaji asidi, chokaa, umeme mwingi, maabara ya kupima sampuli, mafundi wa pampu na wa mitambo mizito, mawakala wa forodha, benki, hospitali na wahandisi. Mgodi uliojitenga porini hulazimika kujiletea vyote hivyo kwa gharama yake peke yake, lakini migodi iliyopangana kwenye barabara moja hugawana. Chokaa ya Kakontwe, pale Likasi, inaweza kuhudumia viwanda vya pande zote mbili za mji. Mwenye duka la vipuri huweka ghala moja akauza Ruashi na Fungurume. Mhandisi aliyetoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi akiachishwa kazi Kolwezi, ana nafasi ya kupata nyingine bila kuihamisha familia yake kutoka Golf au Kampemba. Ndiyo sababu Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipoporomoka, kutoka karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986 hadi sehemu ndogo sana ya kiasi hicho mwanzoni mwa miaka ya 2000, wawekezaji waliokuja baada ya Kanuni ya Madini ya 2002 hawakutafuta mahali papya, bali walirudi kwenye ukanda uleule. Hata Kamoa-Kakula, mgodi mpya kabisa ulioanza kuzalisha mwaka 2021, uko jirani na Kolwezi. Leo nchi yetu huzalisha zaidi ya tani milioni 2.5 za shaba kwa mwaka na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na karibu yote hutoka katika ukanda huu.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanasiasa wanaodai kwamba viwanda vya kuyeyusha shaba vitawanywe ili kila jimbo lipate chake. Kujenga kiwanda cha namna hiyo Kabongo, kule Haut-Lomami, kwa sababu tu Kabongo haina kiwanda ni kuzika fedha. Hata hivyo historia yetu inaonyesha pia jinsi tija inayotafutwa bila kuwajali wengine inavyoweza kuwa dharau. Mstari wa umeme wa Inga-Shaba, uliokamilika mwaka 1982 baada ya kuvutwa kwa takribani kilomita 1,700 kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, ulijengwa kwa ajili ya migodi. Kwa kuwa unabeba umeme wa mkondo mnyoofu, hauwezi kuchotwa njiani bila vituo vya gharama kubwa vya kuubadilisha, na vituo hivyo havikujengwa. Vijiji vya Bandundu na Kasai viliona nguzo zikisimikwa mashambani, vikaendelea kuwasha koroboi chini ya nyaya zake, ilhali deni la mradi liliandikwa kwa jina la taifa zima.

Mpaka kati ya mgodi na barabara

Kabla ya 2015 barabara ya Kasumbalesa hadi Kolwezi ilikuwa ndani ya jimbo moja. Leo lori linaloondoka Kolwezi na shaba huanza safari katika Lualaba, huvuka mpaka kabla ya kufika Likasi, na sehemu kubwa ya safari yake hadi Zambia huikanyaga lami ya Haut-Katanga. Kila jimbo lina idara yake ya mapato, DRLU kule na DRHKAT huku, na kila idara huliangalia lori hilohilo kwa jicho lake.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo si dogo, yafaa kuutazama mgao wa mrabaha wa madini. Kanuni ya Madini kama ilivyorekebishwa Machi 2018 inatoza asilimia 3.5 kwa shaba na asilimia 10 kwa madini ya kimkakati, ambayo kobalti iliingizwa humo kwa amri ya mwishoni mwa mwaka huohuo. Fedha hizo hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo lenye mgodi, 15 kwa komuni, sekta au utawala wa kichifu ambamo mgodi umo, na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Mgao huo una mantiki yake, na ningeutetea mbele ya yeyote anayetaka kuufuta: anayechimbiwa ardhi ndiye anayepoteza shamba, maji na wakati mwingine hata nyumba, kama walivyoona watu wa Kasulo, Kolwezi, kobalti ilipogunduliwa chini ya mtaa wao mwaka 2014. Lakini mgao unahesabu shimo peke yake. Hauihesabu barabara inayochakaa, wala foleni ya malori ya Kasumbalesa, wala hospitali za Lubumbashi zinazopokea majeruhi wa migodi, wala chuo kilichowafundisha wahandisi. Kitovu cha uchimbaji kimekuwa kikihamia magharibi kwa miaka mingi, huku kazi nyingi za huduma zikibaki Lubumbashi. Mpaka wa 2015 uliyatenganisha mapato ya kazi ya kwanza na gharama za kazi ya pili.

Matokeo yake ni ya kawaida kwa binadamu. Jimbo linalobeba gharama bila mrabaha hutafuta ushuru njiani, na jimbo lenye mrabaha hutaka kuwa na kila kitu chake, liache kumtegemea jirani. Si haki kuilaumu Kolwezi kwa kutaka uwanja wa ndege mzuri na chuo kikuu, wala kuilaumu Lubumbashi kwa kutoza peaji, yaani ada ya barabara. Ila mchimbaji hulipa mara mbili pale ambapo angelipa mara moja, na vitu ambavyo vingetosha kwa ukanda mzima, kama maabara ya taifa ya madini au hospitali kubwa ya ajali, vinaanzishwa kwa vipande visivyofikia ukubwa unaohitajika. Hapo ndipo tija ilipopotea. Haikuondoka kwa kishindo; inavuja kidogokidogo kila lori linapopita.

Kaskazini: uhuru usio na mfuko

Haut-Lomami na Tanganyika zilipata ugavana, bunge la jimbo, wizara na magari ya itifaki. Kilichotoweka ni dai lao kwenye ile asilimia 25. Wakati Katanga ilipokuwa moja, fungu la jimbo liliingia katika hazina moja, na wabunge wa Bukama, Manono na Moba waliketi katika ukumbi uleule wa Lubumbashi uliopitisha bajeti. Nguvu yao haikuwa kubwa. Hata hivyo walikuwa na kura. Siku majimbo mapya yaliposimikwa kura hiyo ikabaki haina kitu cha kupigiwa.

Nisieleweke kwamba naililia Katanga ya zamani. Malalamiko ya kaskazini ni ya miaka mingi kuliko katiba hii. Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga kwa Katanga mwaka 1960, Baluba wa kaskazini chini ya Balubakat, chama cha Jason Sendwe, walikataa, na mwaka 1962 likaundwa jimbo la Nord-Katanga lenye makao yake Albertville, yaani Kalemie ya leo, kabla ya kuunganishwa tena na kusini. Wengi wa kaskazini waliupokea mgawanyo wa 2015 kwa furaha ya kweli, wakisema kwamba hata hiyo fedha ya pamoja hawakuwahi kuiona ikivuka Bukama. Wana ushahidi wa kutosha. Ila kufa kwa dai lisilotekelezwa si faida. Dai huwa na siku yake ya kutekelezwa.

Wala kaskazini si jangwa. Kamina ni njia panda ya reli zinazokwenda Ilebo, Kalemie na kusini. Mabwawa na maziwa ya Upemba huleta samaki wanaouzwa hadi masoko ya Lubumbashi. Ardhi ya Kaniama na Kabongo huzaa mahindi. Kalemie ina bandari inayotazamana na Kigoma ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na iliwahi kuwa na Filtisaf, kiwanda cha nguo kilichotumia pamba kabla hakijafungwa. Manono ilichimba bati tangu enzi ya Wabelgiji, na sasa inagombewa kwa lithiamu yake. Kinachokosekana ni usafiri. Reli ya SNCC, shirika la reli la taifa, yenye upana wa milimita 1,067 kama ilivyojengwa mwanzoni, imechakaa kiasi kwamba safari ya kutoka Kamina hadi Lubumbashi, karibu kilomita 600, ni ya kubahatisha. Machi 2022 treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, katika Lualaba, na zaidi ya watu 60 wakafa. Walikuwa wamepanda mabehewa ambayo hayakuwa ya abiria, kwa sababu mtu wa maeneo hayo hana usafiri mwingine wa kutegemea.

Sasa nirudi kwenye mahindi. Lubumbashi hula bukari, yaani ugali, na unga wake kwa sehemu kubwa hupitia Kasumbalesa kutoka Zambia. Zambia ikipata ukame au ikizuia kuuza mahindi nje, bei ya mfuko wa kilo 25 hupanda katika soko la komuni ya Kenya kabla gazeti halijaandika habari hiyo. Mshahara wa mchimbaji hauongezeki kwa sababu ya ukame wa Zambia, kwa hiyo hasara humwangukia mama anayepika, kisha mwajiri anayedaiwa nyongeza, kisha jimbo linalolazimika kutumia fedha zake kuingiza unga wa dharura. Wakati huohuo mkulima wa Kaniama huuza mavuno yake kwa bei ya kutupa kwa sababu behewa halikuja. Watu wengi huliona tatizo la kaskazini kama suala la huruma: kusini tajiri iwape ndugu zao kitu kidogo. Mimi naliona pia kama tatizo la kusini. Mkusanyiko wa miji unaoagiza chakula kutoka nchi ya kigeni, ilhali jirani yake ana ardhi na mvua, una gharama za uzalishaji zilizo juu kuliko inavyopasa. Reli ya kwenda kaskazini ingepunguza gharama hizo na kuleta haki kwa fedha ileile. Miradi inayotimiza yote mawili ni michache, na huu tunao mlangoni.

Fedha ambayo katiba iliitaja

Waandishi wa katiba hawakuwa wajinga. Kifungu cha 175 kilisema majimbo yabakize asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa kwao, jambo ambalo lingeyanufaisha majimbo tajiri. Na ili kusawazisha, kifungu cha 181 kikaunda Mfuko wa Taifa wa Kusawazisha, unaopaswa kupewa asilimia 10 ya mapato yote ya taifa kila mwaka kwa ajili ya miradi katika majimbo yaliyo nyuma. Kimoja kilikuwa cha tija, kingine cha usawa, na vilikusudiwa kufanya kazi pamoja. Kwa vitendo, kubakiza kuligeuka kuwa kurudishiwa: fedha huenda Kinshasa kwanza, kisha hurudi kiasi na wakati ambao Kinshasa imeona vema. Mfuko wa Kusawazisha nao ulikaa miaka mingi bila kufanya kazi, hata baada ya majimbo 26 kuwapo. Kwa maneno mengine, mgawanyo ulitekelezwa, fidia ya mgawanyo haikutekelezwa.

China, ambayo hutajwa sana siku hizi kila mtu anapozungumzia makundi makubwa ya miji, haikuiachia bahati sehemu hiyo. Mpango wa kuziunganisha Hong Kong, Macau na miji tisa ya Guangdong, uliotangazwa Februari 2019, unajulikana na wengi. Lisilojulikana sana ni kwamba tangu 1996 mikoa ya pwani ilipangiwa mikoa maskini ya magharibi ya kuisaidia, mmoja kwa mmoja, kama Fujian ilivyopangiwa Ningxia, na kwamba serikali kuu huhamisha fedha nyingi kutoka pwani kwenda bara. Pwani haikuzuiwa kukua, ilidaiwa. Sisemi tuige utawala wa chama kimoja ili tupate barabara. Nasema tu kwamba hata huko kujikusanya hakukuachwa kujisawazishe kwenyewe.

Mpango wa maendeleo wa maeneo 145, unaojenga shule, vituo vya afya na majengo ya utawala katika kila teritwari ya nchi, ni jibu la serikali kwa malalamiko haya, na vituo vya afya vina thamani hata kama havileti faida ya kiuchumi. Lakini kifurushi kilekile kwa kila teritwari hakijibu swali la Kamina, ambayo inahitaji behewa zaidi ya inavyohitaji jengo la msimamizi.

Watu nao ni njia ya usawa

Kuna njia moja ya kusawazisha isiyohitaji hazina: kumwacha mtu wa eneo maskini ahamie mjini, afanye kazi na atume fedha nyumbani. Lubumbashi iliundwa hivyo. Lakini Katanga iliijeruhi njia hiyo yenyewe. Mwaka 1992 na 1993 familia za asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa maelfu mengi. Wengi walisubiri treni kwenye vituo vya reli katika hali ya kutisha, na si wote walioiona Mwene-Ditu, kule Kasai. Watu hao walikuwa wamezaliwa hapa, na baadhi yao walikuwa mafundi ambao Gécamines haikuweza kuwaziba pengo. Mgawanyo wa 2015 haukuwafukuza watu, lakini ulizidisha mazoea ya kuuliza nani ni mwenye jimbo kabla ya kuuliza nani anaijua kazi. Mtu wa Kabongo, ambaye mwaka 2014 alikuwa Mkatanga katika Lubumbashi, leo katika ofisi nyingine huhesabiwa kuwa mgeni anayepaswa kutafuta ajira Kamina. Sheria haisemi hivyo; mazoea ndiyo yasemayo. Pale ambapo fedha haiendi kaskazini na watu wa kaskazini hawapokelewi kusini, sioni usawa ungepitia wapi.

Kifungu ambacho hakijatumiwa ipasavyo

Kuirudisha Katanga moja si jambo la kutarajiwa, na sidhani kama linahitajika. Kifungu cha 199 cha katiba kinayaruhusu majimbo mawili au zaidi kuunda, kwa makubaliano, chombo cha kuoanisha sera zao na kuendesha pamoja baadhi ya huduma. Haut-Katanga na Lualaba zingeweza kukitumia ili barabara ya Kasumbalesa hadi Kolwezi iwe na mfuko mmoja wa matengenezo, tozo moja na kituo kimoja cha kulipia, fedha zikigawanywa kwa urefu wa lami na uzito wa mizigo. Majimbo ya kaskazini yangeingia katika makubaliano hayo kupitia reli, kwa sehemu ndogo ya tozo ya kila tani ya shaba kutengwa kwa ajili ya njia ya Tenke, Bukama na Kamina, na kwa malipo hayo kwenda moja kwa moja bila kupitia meza ya waziri yeyote. Mrabaha wenyewe usingeguswa, na kwa hiyo komuni za Kolwezi zisingekuwa na sababu ya kuogopa.

Muda wa kufanya hivyo si mrefu. Reli ya Lobito, iliyokabidhiwa kwa miaka 30 kwa muungano wa Trafigura, Mota-Engil na Vecturis upande wa Angola, imekwisha kuanza kubeba shaba ya Kolwezi kupitia Dilolo kuelekea Atlantiki. Kwa Lualaba ni neema, na kwa Dilolo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa maskini ndani ya jimbo tajiri, ni nafasi ya kwanza baada ya muda mrefu. Kwa Haut-Katanga ina maana kwamba sehemu ya mizigo haitapita tena Lubumbashi wala Kasumbalesa, na tozo ya barabara itapungua pamoja nayo. Reli hugawanyika pale Tenke: tawi moja huelekea Kolwezi na magharibi, jingine hupanda Kamina. Wafadhili wote wanazungumzia tawi la kwanza. Ikiwa majimbo manne hayatakubaliana juu ya tozo ya Tenke wakati mikataba ya tawi la magharibi ingali inaandikwa, itakuwa vigumu sana kuiingiza baada ya kutiwa saini, kwa sababu mkandarasi atakuwa amekwisha kupiga hesabu zake bila Kamina.